Waganga wa Siku Ndefu

Sisi watu wa Rau ni majirani wa hospitali kubwa. Tangu KCMC ilipofunguliwa mwaka 1971 tumeishi nayo kama watu wa pwani wanavyoishi na bahari: inatulisha, inatutisha, na inatuletea wageni kila siku. Tumepangisha vyumba kwa wanafunzi wake, tumewauzia wauguzi wake ndizi na maziwa, na tumewalaza majumbani mwetu ndugu wa wagonjwa waliotoka mbali bila kujua watalala wapi. Kwa hiyo watoto wetu wanazijua kazi za hospitali tangu wakiwa wadogo. Mwulize mtoto wa hapa anataka kuwa nani, atakwambia daktari. Anayeogopa damu atasema mfamasia. Katika miaka yote niliyofundisha shule ya msingi sikupata kumsikia hata mmoja akisema kwamba anataka kufanya ile kazi ya kukaa na mgonjwa ambaye dawa zimekwisha kumaliza kazi yake, amsaidie kula kwa mkono wake tena, kucheza tena, na kucheka tena.

Kazi hiyo ipo, na ina historia ndefu, tena sehemu ya historia hiyo imepita katika milima yetu hii. Nimeona niieleze kidogo, maana wengi tunaiona ikitendeka mbele ya macho yetu bila kuijua kwa jina.

Ugonjwa mrefu una mateso mawili. La kwanza ni maumivu, na hilo lina daktari wake. La pili ni urefu wa siku. Mtu aliyevunjika mgongo, au aliyepooza upande mmoja, au aliyeugua akili, anaamka asubuhi na kukuta mbele yake saa kumi na mbili za mchana ambazo hazina kitu ndani yake. Daktari anapita kwa dakika tano. Muuguzi anampa vidonge na kumgeuza. Saa zilizobaki ni za nani? Wazee wetu walilijua swali hili. Kule pwani, mtu aliyekuwa amelemewa moyoni, hali wala hasemi, alipigiwa ngoma. Waliita pepo, nasi tunaweza kubishana juu ya jina hilo mpaka kesho, lakini tazama jinsi tiba yenyewe ilivyofanyika: watu walikusanyika, wakaimba usiku kucha, mgonjwa akawekwa katikati, na baada ya kupona mara nyingi aliingia katika kundi la wapigaji na akawa na shughuli na watu wa kudumu nao. Aliyeongoza mambo hayo aliitwa mganga, na mahali pengine aliitwa fundi. Neno hilo fundi linanipendeza. Lina maana kwamba kumrudishia mtu furaha ni ustadi unaofundishwa kama useremala, na wala si bahati ya mtu mwenye tabia nzuri.

Huko Ulaya jambo hili lilianza kupata mpango katika nyumba za wagonjwa wa akili. Mwaka 1796 huko York, Uingereza, Waquaker walifungua nyumba yao ambamo wagonjwa hawakufungwa minyororo bali walipewa bustani, kushona, matembezi na mazungumzo. Lakini taaluma yenyewe yenye jina ilizaliwa Marekani, na aliyeizaa alikuwa mgonjwa. George Barton alikuwa mchoraji wa ramani za majumba. Aliugua kifua kikuu, akakatwa sehemu ya mguu, kisha akapooza upande wa kushoto. Alijirudisha katika maisha kwa kazi za mikono, seremala na bustani, akaifanya nyumba yake katika mji mdogo wa Clifton Springs kuwa mahali pa kuwafundisha wengine. Tarehe 15 Machi 1917 watu sita walikutana hapo wakaanzisha chama cha kile ambacho sisi leo tunakiita tibakazi. Mmoja wao, Eleanor Clarke Slagle, alipata mafunzo yake Chicago, katika Hull House, nyumba maarufu ya kuwasaidia wahamiaji maskini. Humo humo alifundisha Neva Boyd, mwanamke aliyeamini kwamba mchezo wenyewe, bila chombo wala kikapu cha kuonyesha baada yake, unaweza kumponya mtu. Kwa hiyo tangu mwanzo ndugu wawili walilelewa nyumba moja: mmoja akaitwa kazi na mwingine akaitwa mchezo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, hospitali za wanajeshi wa Marekani zilijaa vijana waliokatika viungo, na huyo ndugu wa pili naye akapata vyeo, vyuo na mitihani yake. Leo huko Marekani mtu anaweza kusomea tiba ya burudani chuo kikuu na akaajiriwa kwa hiyo.

Kwetu sisi alikuja ndugu wa kwanza peke yake. Nafikiri hapo ndipo penye jambo.

Mwaka 1896 Wajerumani walijenga nyumba ya watoto waliokombolewa utumwani huko Lutindi, katika milima ya Usambara. Mwaka 1904 mahali hapo pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na ndiyo hospitali ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika ya Mashariki. Waliokuja kuiendesha walitoka Bethel, karibu na mji wa Bielefeld, ambako mchungaji Friedrich von Bodelschwingh alikuwa amejenga kijiji kizima cha wagonjwa wa kifafa na wa akili. Imani ya Bethel ilikuwa kwamba kila mtu, hata aliyeharibikiwa vipi, ana kazi anayoiweza, na kwamba kumnyima kazi hiyo ni kumnyima utu. Lutindi ikafuata imani hiyo. Wagonjwa walilima, walipika, walijenga, na mpaka leo hospitali hiyo, iliyo chini ya Kanisa la Kilutheri, inajulikana kwa chai yake na kwa karakana zake.

Siwezi kuisifu habari hii bila kuuliza swali. Shamba la chai linalolimwa na wagonjwa ni dawa, ndiyo. Pia ni shamba la chai. Nani anajua mstari unapita wapi kati ya mgonjwa anayelima ili apone na mgonjwa anayelima kwa sababu majani yamekomaa na yanataka kuchumwa? Wakati wa ukoloni swali hili lilikuwa kali zaidi, kwa kuwa wakubwa wengi waliamini kwamba dawa ya Mwafrika kwa kila jambo ni jembe. Hospitali ya Mirembe kule Dodoma ilianza mwaka 1927, na Mathari ya Nairobi ilikuwa imeanza kabla yake, mwaka 1910. Huko Mathari wodi ziligawanywa kwa rangi. Daktari mkuu wake wa miaka ya 1940, J. C. Carothers, aliandika kitabu kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 ambamo alimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Mtu mwenye mawazo kama hayo hawezi kumwuliza mgonjwa wake, 'Je, wewe unapenda nini?'

Aliyelibadili jambo hili alikuwa Mwafrika mwenzetu, Dakta Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria. Kuanzia mwaka 1954 huko Aro, karibu na Abeokuta, alikataa kuwafungia wagonjwa. Aliwapangisha katika nyumba za wanakijiji pamoja na ndugu zao, wakatibiwa mchana na jioni wakaishi kama watu wengine, sokoni, shambani na ngomani. Habari za Aro zilienea dunia nzima. Tanzania nayo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, ilianzisha vijiji vya wagonjwa wa akili, na kinachojulikana zaidi ni Vikuruti, karibu na Dar es Salaam. Mgonjwa aliyepata nafuu alikwenda huko kulima na kujizoesha maisha kabla ya kurudi kwao. Ulikuwa mpango mzuri, na ulilingana na siasa ya wakati ule. Lakini tazama tena: kijiji, jembe, mazao. Tulikuwa nchi ya 'Uhuru na Kazi'. Nakumbuka mwaka 1983 ilipotungwa Sheria ya Nguvu Kazi, watu walikamatwa mijini kwa kosa la kuonekana hawana shughuli. Katika hali kama hiyo ni nani angethubutu kuomba fedha za serikali kwa ajili ya bao na ngoma za wagonjwa?

Hapa Kilimanjaro tulikuwa na mahali petu pa siku ndefu. Upande wa magharibi wa mlima, huko Kibong'oto, hospitali ya kifua kikuu ilianza mwaka 1926. Kijana wa leo anayemeza vidonge kwa miezi sita huku akienda kazini hawezi kufahamu ugonjwa huo ulivyokuwa kabla ya dawa ya streptomisini kugunduliwa mwaka 1943. Mtu aliwekwa mahali penye hewa safi, akalishwa, akapumzishwa, akangoja. Alingoja miezi, pengine miaka. Daktari mmoja Mwingereza, Marcus Paterson, aliyeanza kazi katika hospitali ya Frimley mwaka 1905, alibuni ngazi za kazi kwa wagonjwa hao: kwanza kutembea, kisha kubeba kikapu kidogo, kisha kikubwa, mwisho kushika sepetu. Kipimo kama cha dawa. Wazee wa huku walipozungumza juu ya jamaa zao waliokwenda Kibong'oto hawakusimulia sindano. Walisimulia kungoja.

Kisha zikaja shule. Ni KCMC ndipo mafunzo ya tibakazi yalipoanzia nchini mwetu, katika miaka ya 1980, na jirani yake kikawapo chuo cha mafundi wa viungo vya bandia, TATCOT. Ndipo sisi wa Rau tulipoanza kupangisha vyumba kwa vijana waliokuwa wakirudi jioni na vitu vya ajabu: vikapu vilivyosukwa nusu, vijiko vilivyofungwa mpini mnene, wanasesere wa matambara. Majirani walicheka. Walisema hawa wanasomea chekechea.

Mwaka 1996 mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alianguka kutoka juu ya mparachichi. Watu wa mlimani tunajua ajali hiyo, kila kihamba kina habari yake. Alikuwa na miaka 23. Madaktari walimfanyia yote waliyoweza, na baada ya miezi akarudi nyumbani akiwa hai, mikono na kifua vizima, miguu haipo tena kwa maana ya kumtumikia. Akalala akitazama dari. Mama yake alimletea chakula, alikula. Alimletea redio, aliizima. Padri alikuja, mchungaji alikuja, mimi nilikuja na maneno yangu ya ualimu. Aliitikia kwa adabu, kisha akageuka ukutani.

Binti aliyekuja nyumbani alikuwa mwanafunzi wa tibakazi, mpangaji wa jirani yangu. Alitusalimu, 'Shikamoo mama, shikamoo mwalimu,' akavuta kigoda akakaa karibu na kitanda. Hakumwuliza anaumwa wapi.

'Kaka, kabla hujaanguka, jioni ulikuwa unafanya nini?'

Mpwa wangu alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, 'Nilikuwa napiga tarumbeta.'

'Liko wapi?'

'Limerudishwa kanisani,' dada yangu akadakia. 'Mwanangu, atafanya nini na tarumbeta mtu katika hali hii?'

'Mama, kinachopigia tarumbeta ni nini? Si kifua na midomo?'

Anayetujua Walutheri wa Kilimanjaro anajua matarumbeta ni nini kwetu. Hayasikiki Krismasi na Pasaka tu. Hatuzikani bila hayo. Yaliletwa na Wajerumani, na hapa nimeshangazwa na historia: mtu aliyeeneza zaidi bendi hizo katika makanisa ya Ujerumani, mchungaji Johannes Kuhlo, alifanya kazi kuanzia miaka ya 1890 Bethel hiyo hiyo iliyotuletea Lutindi. Jembe na tarumbeta vilitoka katika ua mmoja. Cha kwanza kikaitwa tiba. Cha pili kikaachwa kuwa mapambo ya ibada.

Yule binti alikwenda kwa kiongozi wa bendi. Wenzake walikuja Jumamosi moja na chombo chake, wakakaa uani chini ya migomba, naye akabebwa nje. Pumzi yake haikutosha kumaliza ubeti. Aliona haya. Jumamosi ya pili walirudi, bila kuombwa. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa anauliza kiti cha magurudumu kinapatikana wapi, kwa kuwa kulikuwa na harusi Uru na bendi ilialikwa. Dada yangu alilia siku ile alipomsikia akigombana na wenzake juu ya nani alikosea nota. Alikuwa hajamsikia akigombana na mtu yeyote kwa mwaka mzima. Sisemi miguu ilipona. Haikupona mpaka leo.

Neno letu burudani lina asili moja na baridi. Kuburudika ni kupoa. Mgonjwa homa inapomtoka twasema amepoa, na aliyekunywa maji ya mfongo baada ya kulima twasema ameburudika. Lugha yenyewe inajua kwamba hilo ni jambo la mwili. Ni sisi tuliolichanganya na starehe, na starehe tukaichanganya na ulevi, mpaka mzazi mwenye heshima akawa haoni jinsi mtoto wake anavyoweza kulipwa mshahara kwa kuwachezesha wagonjwa.

Na ushahidi haukosekani. Mwaka 1944 Dakta Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani mwaka 1939, alipewa wodi ya waliovunjika mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Katika vita vya kwanza wengi wa majeruhi wa namna hiyo walikufa katika muda mfupi, na waliobaki hawakutarajiwa chochote. Yeye aliwageuza kila saa mbili ili wasioze vidonda, kisha akawapa mipira na upinde. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Olimpiki ilipofunguliwa London, wagonjwa 16 walishindana kulenga shabaha kwenye uwanja wa hospitali. Mwaka 1960 huko Roma walikuwa wanamichezo 400 kutoka nchi 23. Ndiyo Paralimpiki ya leo. Wodi ya hospitali ilizaa mashindano ya dunia kwa sababu daktari mmoja hakuona aibu kuandika mchezo katika karatasi ya dawa.

Sheria pia tunazo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006 una kifungu kizima, cha 30, juu ya utamaduni, burudani na michezo. Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na mwaka 2010 tukatunga Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu. Nimezisoma. Ni nzuri.

Yule binti alihitimu. Aliajiriwa katika hospitali moja, mbali na mkoa huu, ambayo siitaji. Alipofika alionyeshwa chumba chake: stoo ya magodoro. Mganga mkuu hakuwa mtu mbaya; hakujua tu afanye naye nini. Kwa vile alikuwa na mwandiko mzuri, alipangiwa dirisha la kuandika kadi. Mchana aliandika kadi, na saa za chakula alikwenda wodini na bao alilolinunua kwa fedha zake, akawafundisha wanaume waliokatwa miguu kwa kisukari kucheza na wake zao. Siku moja aliambiwa aache, kelele zinasumbua. Aliniandikia barua juu ya jambo hilo, na ndani yake kulikuwa na sentensi ninayoikumbuka: kwamba wodi iliyo kimya haina maana kwamba wagonjwa wamelala. Alivumilia miaka minne. Sasa ana duka la vitenge, na nasikia linakwenda vizuri.

Wapo wenzake waliobaki kazini, nami nawaona. Wapo katika hospitali za watoto, wakimtafuta mtoto mwenye mtindio wa ubongo kwa mpira wa rangi nyekundu. Wapo wauguzi ambao hawakusomea kitu hiki na wanakifanya. Wapo viongozi wa bendi na wa kwaya wanaokwenda majumbani bila kulipwa. Ukiwauliza cheo chao, kila mmoja atakupa kingine. Fundi wa ngoma wa zamani alijulikana kwa jina lake, akalipwa kwa mbuzi au kwa kitambaa, na watu walimtuma mtoto akajifunze kwake.

Mwaka jana mjukuu wa dada yangu, binti wa kaka yake yule mpiga tarumbeta, alimaliza kidato cha sita, akasema anataka kusomea tibakazi. Amekua akimwona baba yake mdogo kwenye kiti chake akifundisha watoto wa bendi. Baba yake alikuja kwangu jioni, akakaa, tukazungumza kwanza habari za mvua na za kahawa kama inavyopasa. Kisha akaniuliza, 'Mjomba, hebu niambie wewe uliyesoma. Huko wanalipwa?' Nilimwambia ninayoyajua, pamoja na ya dirisha la kadi na stoo ya magodoro. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza ada ni kiasi gani kwa mwaka, akatoa kalamu mfukoni.